Kushindwa Kete Zingali Mkononi: Juu ya Haki ya Kifo cha Ghafula Katika Michezo ya Mezani

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda msomaji akaliona dogo mno kwa kurasa hizi, nalo ni haki katika michezo. Hatuzungumzii mpira wa miguu, maana huo una waamuzi wake na magazeti yake. Twazungumzia michezo ya kuketi, ile ya ubao, kete, dado na karatasi. Swali lenyewe lilizuka chuoni katika mjadala juu ya burudani ya vijana, nalo likatushika kuliko tulivyotazamia: je, mchezo unaomwondoa mtu ghafula, kabla hajatumia alicho nacho, ni mchezo wa haki? Mmoja alisema kwamba huo ni ukatili unaofundisha ukatili. Mwingine akajibu ya kwamba mchezo usioweza kumwondoa mtu si mchezo tena, ni kubembelezana tu. Sisi twaona kwamba wote wawili walifanya haraka, kwa sababu hakuna aliyeuliza jinsi kuondolewa huko kunavyotokea.

Tuanze na mchezo tulio nao wenyewe. Hapa Songea, kama katika miji mingi ya nchi yetu, bao huchezwa alasiri chini ya mti au barazani, na wanaotazama aghalabu ni wengi kuliko wanaocheza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kete 32 zilizo zake. Lakini haziwekwi zote ubaoni kwa mara moja. Mchezo unapoanza kila mmoja huwa na kete 10 tu ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbilimbili katika mashimo mawili yaliyo kando yake. Zilizobaki 22 hukaa mkononi. Sehemu hii ya kwanza ndiyo namua, ambapo kila zamu mtu huingiza kete moja kutoka mkononi mwake, na akiweza kula hana budi kula. Kete za mkononi zikiisha, ndipo huja sehemu ya pili, yaani mtaji, ambapo watu huendelea na zile zilizoko ubaoni.

Sheria ya kumaliza mchezo ni fupi. Ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu ameshindwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa. Na vilevile ameshindwa yule asiyekuwa na namna ya kucheza. Sasa, ikiwa safu ya mbele imefagiliwa wakati wa kunamua, mtu hushindwa huku kete zake nyingine hazijaonja ubao. Wachezaji huita kushindwa huko mkononi, na jina hilo latosha kueleza uchungu wake. Aliyeshindwa mtajini ametumia vyote alivyopewa. Aweza kusema kwamba alipigana, akaishiwa. Aliyeshindwa mkononi bado amefumba kete kumi au kumi na mbili katika kiganja chake, zina joto la mkono wake, na hazina kazi tena.

Wale wanaotaka kuondoa tendo hili hawana haja ya kubuni kitu kipya. Liko bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 hupangwa ubaoni tangu mwanzo, mbili katika kila shimo, wala hakuna kete ya kungoja. Katika bao hilo hakuna mkononi, kwa sababu hakuna kilichobaki mkononi. Hata hivyo jina lenyewe lasema kwamba ni la kujifunza. Mtu akishajua hutoka huko akaenda kwenye namua, naye huenda kwa hiari yake akijua hatari iliyoko. Yatupasa tujiulize kwa nini.

Jibu letu ni kwamba bao halifichi neno. Hakuna dado inayorushwa, hakuna karata iliyofunikwa, wala hakuna mwamuzi ajuaye ambalo wachezaji hawalijui. Hata idadi ya kete zilizo katika kiganja cha mwenzio waweza kuihesabu, maana kila zamu amepunguza moja. Kwa hiyo mkononi haimjii mtu kutoka nje ya ubao. Ilikuwa pale, imeandikwa katika mashimo, zamu mbili au tatu kabla haijatokea. Kinachoitwa ghafula ni ghafula ya jicho lisilosoma.

Lakini tusimalize hoja hapo kana kwamba imekwisha. Kuwekwa mbele ya macho si sawa na kuonekana. Zamu moja ya bao yaweza kuzunguka, ikala, ikazunguka tena na kula tena, hata mtazamaji akapoteza hesabu. Alexander de Voogt, katika utafiti wake juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar uliotolewa Leiden mwaka 1995, aliichukua kumbukumbu na hesabu ya kichwa ya mabingwa hao kuwa jambo la kuchunguzwa na elimu ya nafsi, kama wengine walivyowachunguza mabingwa wa sataranji. Ikiwa bingwa mwenyewe ana kikomo, kijana wa miaka kumi na minne aliyeketi mbele yake ana nini? Kwake yeye ubao ulio wazi ni kama barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Twaweza kusema alipewa onyo?

Hapa ndipo twaona kwamba haki yahama kutoka ubaoni kwenda kwa mtu. Bao limetimiza wajibu wake kwa kuwa wazi. Kinachobaki ni wajibu wa yule ajuaye zaidi. Bingwa anayemfunga mtoto mkononi mara kumi mfululizo, akacheka na kumwita anayefuata, hakuvunja sheria yoyote ya bao. Na bado kila mtazamaji ajua kwamba kuna kitu amevunja. Wazee wengi hawafanyi hivyo. Humwachia mtoto acheze na walio saizi yake, au huketi naye na kumwonyesha, na watazamaji nao hawanyamazi kamwe. Kelele zile za barazani, ambazo mgeni huziona kuwa ni utovu wa adabu, kwa kiasi fulani ndizo shule.

Kuna jambo jingine katika bao lenye kustahili kuangaliwa kabla hatujaenda mbali. Katika drafti, kete iliyoliwa huondolewa ubaoni, ikawekwa kando na kusahauliwa. Katika bao kete iliyoliwa haiondoki. Hupandwa upande wa yule aliyeila, na kesho yaweza kurudi ilikotoka. Kete 64 zinazoanza ndizo 64 zinazomaliza. Kwa hiyo bao halina kifo cha kete hata moja. Lina kushindwa kwa mtu tu. Wala hakuna mchezaji anayempa kete jina, au kumwombolezea.

Sasa twende kwenye mchezo ambao kete ina jina. Wanafunzi waliotuuliza swali hili hawakuwa wakifikiria bao peke yake, bali michezo ya kuigiza mezani, ambayo haijulikani sana hapa kwetu, ingawa imeenea Marekani na Ulaya kwa zaidi ya miaka hamsini. Uliotangulia kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva pamoja na Dave Arneson wa Minnesota. Namna yake ni hii: watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, ambaye pia ni mwamuzi. Yeye ndiye ajuaye pango lina nini na nyuma ya mlango kuna nani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, aliyempa jina, kabila, ustadi na udhaifu, vyote vimeandikwa katika karatasi. Msimulizi hueleza mahali, wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka hurushwa dado. Mhusika mmoja aweza kuchezwa juma kwa juma kwa miaka. Akifa, karatasi ile haina kazi tena.

Tangu mwanzo kifo cha ghafula kiliwasumbua wenye mchezo huu. Chimbuko lake lilikuwa michezo ya vita, ambayo askari mmoja akipigwa pigo moja amekufa, na hakuna aliyejali, kwa kuwa askari walikuwa wengi na hawakuwa na majina. Mara mtu alipopewa askari mmoja tu awe wake, pigo moja likawa kubwa mno. Arneson alieleza kwamba wachezaji wake hawakutaka kuwapoteza wahusika wao kwa pigo moja, basi akaazima kutoka katika michezo ya vita vya manowari wazo la kuhesabu madhara kidogo kidogo, kama vile manowari inavyopigwa mara nyingi kabla ya kuzama. Hivyo mhusika akapata alama za uhai, nazo zikawa zinapunguzwa. Twapenda kukaza jambo hili, maana watu hudhani kwamba huruma katika mchezo huo ni uzushi wa siku za karibuni. La, ilikuwamo tangu msingi, nayo iliingia siku ileile mhusika alipoanza kuitwa kwa jina.

Lakini milango mingine iliachwa wazi. Sumu ilikuwa mmojawapo. Katika kanuni za mwaka 1974 aliyeumwa na kiumbe chenye sumu hakupunguziwa alama kidogo kidogo. Alirusha dado ya pande 20, na mpiganaji wa ngazi ya kwanza ilimpasa apate 12 au zaidi. Akipata, ameokoka, asipopata, amekufa. Hesabu ni rahisi: nafasi 9 za kuishi dhidi ya 11 za kufa. Na mtego wenye sumu ulikuwa jambo la kawaida, katika kufuli ya sanduku au chini ya jiwe.

Je, hiyo ni haki? Twalinganisha na bao. Mtu aliyefungua sanduku hakuwa na ubao wa kusoma. Pango liko katika daftari la msimulizi, nyuma ya ubao mdogo aliouinua mezani ili wengine wasione. Mchezaji ajua tu yale aliyoambiwa. Kama aliambiwa kwamba kufuli ina tundu dogo jeusi, na kando yake kuna mifupa ya mkono wa mtu, naye bado akatia kidole, basi ametiwa onyo kama mchezaji wa bao alivyotiwa, na hana la kulalamika. Kama aliambiwa kwamba kuna sanduku, basi, halafu akaambiwa amekufa, hapo hapakuwa na mchezo wowote. Palikuwa na mtu mmoja akiwatangazia wengine uamuzi alioufanya nyumbani kwake. Dado ile iliyorushwa katikati haiongezi haki yoyote. Yaongeza bahati, na bahati si haki, ijapokuwa watu wengi huzichanganya kwa sababu zote mbili hazijali cheo cha mtu.

Twajua pingamizi litakalotolewa. Litasema: hata katika hadithi zetu mashujaa hufa ghafula, na hakuna anayelalamika. Liongo Fumo, shujaa wa pwani ambaye silaha hazikumdhuru, aliuawa kwa sindano ya shaba iliyopigwa kitovuni, na aliyeipiga alikuwa mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na maadui wa babaye. Ni kifo gani cha ghafula kupita hicho? Nasi twajibu kwamba si cha ghafula kwa msikilizaji. Msikilizaji alikwisha kuambiwa habari ya sindano. Aliuona usaliti ukipikwa. Alimwona baba akimwambia mwana siri ambayo hakupaswa kumwambia. Liongo hakuonywa, lakini sisi tulionywa kwa niaba yake, na ndiyo maana tunauma vidole.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969. Wapiganaji wa Majimaji wanaamini kwamba maji yatawakinga na risasi. Mtazamaji, hata asiyejua historia, amesikia shaka ya Kinjeketile mwenyewe kabla ya vita kuanza, kwa hiyo wapiganaji wanapoanguka yeye alikwisha kuogopa. Ile ni haki ya mwandishi kwa mtazamaji wake. Haikuwa haki kwa wapiganaji. Sisi tuishio Songea hatuwezi kusema neno hili kwa wepesi, maana hapa hapa, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya sitini, naye Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu unaitwa kwa jina lake, akanyongwa vilevile; na kila mwaka mji hukusanyika penye makaburi na makumbusho yao. Hatuwafananishi watu wale na wahusika wa mchezo. Twasema tu kwamba kati ya namna zote za kufa bila kuonywa, iliyo mbaya kupita zote ni ya mtu aliyepewa kanuni akaiamini, kumbe kanuni ile haikuwa na nguvu ya kushika.

Basi tofauti ya mchezo wa kuigiza mezani na hadithi yaonekana wazi. Katika hadithi wako wawili: mhusika asiyejua, na msikilizaji ajuaye. Mchezoni wawili hao wameunganishwa katika mtu mmoja. Yule anayeketi mezani ndiye msikilizaji, naye ndiye mhusika pia, wala hakuna anayeonywa kwa niaba yake. Kwa hiyo msimulizi anayesema kwamba anafuata tu desturi ya watunzi wakuu amekosea kazi yake. Mtunzi aweza kumwua shujaa bila kumwonya shujaa, kwa kuwa amemwonya msomaji. Msimulizi wa mezani hana mwingine wa kumwonya isipokuwa huyohuyo.

Mfano uliojadiliwa kuliko yote ni kisa alichokitunga Gygax kiitwacho Tomb of Horrors, kilichochezwa katika mashindano ya mwaka 1975 na kuchapishwa mwaka 1978. Ni kaburi lililojaa mitego. Karibu na mwanzo kuna uso wa kijani wa shetani uliochongwa ukutani, kinywa wazi na cheusi tititi. Anayeingia kinywani humo haangamii kwa kuumizwa. Anatoweka kabisa, yeye na alivyovaa, hata dado hairushwi. Wengi wamekilaani kisa hicho. Sisi hatukilaani chote. Katika mashindano, watu walipewa wahusika wa siku ile ile, saa zilikuwa za kuhesabiwa, na kila mtu aliijia sifa ya kufika mbali kuliko wenzake. Aliyepoteza mhusika pale alipoteza kama apotezavyo mtu aliyefungwa bao. Zaidi ya hayo, uso wa shetani wenye kinywa wazi ni onyo lililo kubwa kuliko maonyo mengi! Lakini kitabu kilipochapishwa, kisa kiliingia nyumbani mwa watu, na kikakutana na wahusika waliolelewa kwa miaka mitatu au minne. Kifo kilekile, maneno yaleyale, kikawa kitu kingine. Kwa hiyo hatuwezi kutoa hukumu juu ya mtego peke yake bila kuuliza nani anaingia, na amebeba nini.

Wasimulizi wengine, kwa huruma, wametafuta njia ya mkato. Dado ikianguka vibaya nyuma ya ubao wao, husema uongo. Hutaja namba nyingine, na mhusika akaishi. Twaelewa moyo wao, na twaona kwamba wanaharibu zaidi kuliko mtego. Mchezaji akishajua kwamba aliokolewa kwa uongo mara moja, hajui tena ni lini aliokoka kwa akili yake. Ushindi wake wote wa nyuma waingia mashakani, hata ule alioupata kwa haki. Afadhali msimulizi aseme mapema kwamba katika meza hii hakuna anayekufa bila ridhaa yake, na wote wakakubali. Hiyo ni kanuni, tena ni ya wazi, kama bao la kujifunza lilivyo la wazi.

Na kwa kweli mchezo wenyewe umeelekea huko. Katika kanuni za mwaka 2014 mhusika aliyeishiwa alama za uhai hafi palepale kwa kawaida. Hulala kati ya uzima na mauti, kila zamu akirusha dado. Akipata 10 au zaidi ni hatua kuelekea uzima, akipata pungufu ni hatua kuelekea mauti, na upande utakaotimiza hatua tatu kwanza ndio hushinda. Katikati ya hayo wenzake waweza kumkimbilia. Wakongwe wengine wanalalamika kwamba ladha imekwisha. Sisi twaona kwamba kuna kitu kizuri kilichopatikana hapo, nacho si ulaini wa kanuni. Ni kwamba kifo kimepewa muda wa kutosha ili wengine waweze kufanya jambo. Kwa kanuni za 1974 sumu ilikuwa kati ya mtu na dado. Sasa meza nzima imeingizwa.

Hatuna budi kutaja pia maandishi ya Kikristo juu ya mchezo huu, maana yapo, na yamesomwa na wengi. Mwaka 1984 Jack Chick wa Marekani alichapisha kijitabu cha picha kiitwacho Dark Dungeons. Ndani yake msichana mmoja ana mhusika ambaye ni mwizi. Mhusika huyo hakuutambua mtego wenye sumu, akafa. Mara hiyo msichana anaambiwa aondoke, rafiki yake anakataa kuzungumza naye, na baadaye anajinyonga. Chick alitaka kuonyesha kwamba mchezo ni mlango wa uchawi. Hatukubaliani naye, na hatuoni kwamba alithibitisha lolote juu ya uchawi. Lakini tukizitazama picha zake bila kusikiliza mahubiri yake, twaona jambo la kweli ambalo yeye mwenyewe alilipita haraka. Kilichomwua msichana yule katika hadithi si sumu ya mchezoni. Ni kwamba mhusika alipokufa, mtu naye alitengwa. Waliokuwa rafiki zake walifanya kana kwamba karatasi ilikuwa ndiye yeye. Katika kanisa letu neno kutengwa lina uzito wake, na wako walioonja jinsi meza ile ile iliyokukaribisha jana inavyoweza leo kukufanya kuwa si kitu kwa sababu ya kosa moja. Twaona kwamba Chick angeandika kijitabu chenye maana zaidi kama angeuliza kwa nini kundi lile halikumpa msichana karatasi mpya na kalamu.

Ndiyo desturi ya meza nyingi. Mhusika akifa, mchezaji hubaki, huandika mwingine, na msimulizi hutafuta mahali pa kumwingiza. Hata barazani aliyefungwa huinuka kitini ili mwingine aketi, lakini haendi nyumbani. Hujiunga na watazamaji na kuanza kuwapigia wenzake kelele.

Kuna sababu iliyotufanya tulichukue jambo hili kwa uzito kuliko linavyostahili michezo. Tumekwisha kusikia, katika mazishi ya vijana waliokufa ghafula, ajali ya basi au homa ya siku mbili, watu wakizungumza kana kwamba yuko msimulizi nyuma ya ubao aliyekuwa na mtego daftarini mwake, na marehemu aligusa asichopaswa kugusa. Jamaa hutafuta dalili waliyoipuuza: ndoto, maneno ya mwisho, safari iliyokatazwa. Wengine hutafuta aliyeweka mtego, na kabla jua halijatua jirani amekwisha kutajwa. Ni mantiki ileile ya mchezo tuliyoieleza hapo juu, ya kwamba kifo cha haki lazima kiwe na onyo, na asiyeona onyo ana kosa. Mezani mantiki hiyo ni njema, kwa sababu kuna aliyetunga kanuni, yuko hapo, na aweza kuulizwa. Makaburini haina mahali. Yesu alipopashwa habari za watu waliouawa, yeye mwenyewe aliwataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa wazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakutoa maelezo ya mnara. Mhubiri wa mazishi naye hapaswi kuwa na maelezo ambayo Bwana wake hakuyatoa, na akiwa nayo, mama aliyefiwa atakwenda nayo nyumbani.

Turudi kwenye ombi lililoleta mjadala huu, kwamba katika jioni za vijana mkononi isihesabiwe, bali aliyefagiliwa apewe nafasi ya kuingiza kete zilizobaki. Sisi hatuungi mkono. Namua isiyo na hatari ya mkononi ni kupanga kete tu, na kijana atakayezoea hivyo atashangaa siku atakapoketi na wazee. Tungependa badala yake jambo ambalo tumeliona likifanywa na wachezaji wazuri. Mchezo ukiisha mkononi, aliyeshinda hazoi kete mara moja. Hurudisha ubao nyuma kwa kumbukumbu, zamu moja, mbili, tatu, hata kufikia pale njia ilipokuwa ingali wazi, kisha husema, cheza tena kutoka hapa. Huchukua muda, na wanaongoja zamu hunung'unika. Lakini yawezekana, kwa kuwa katika bao hakuna kete iliyoondoka: zote 64 bado zipo, nyingine ubaoni na nyingine katika kiganja cha yule aliyeshindwa.